Kama serotonini si chanzo cha sonona, mimi nameza dawa ya nini?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 32, naishi Mbagala na wanangu wawili. Mama yangu alifariki mwaka jana. Nililia, tukamaliza arobaini, nikarudi kazini. Miezi mitatu baadaye ndipo mambo yalipoharibika. Nashtuka saa 9 usiku na silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote, mwili mzito kama nimebebeshwa gunia. Chakula hakina ladha, na hata wanangu wakinichekesha sisikii kitu ndani. Sijawahi kuwa hivi. Hospitali waliniambia ni sonona, wakanipa fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi. Leo ni siku ya 12 na sioni nafuu, kichefuchefu tu. Kaka yangu amenionyesha habari kwamba wanasayansi wamegundua kemikali ya ubongo iitwayo serotonini haihusiani na sonona, kwa hiyo dawa hizi ni biashara. Jirani akanipeleka kwa watu wenye mashine. Nilishika chuma mkononi, ikatoa karatasi kwamba kemikali za ubongo wangu zimeshuka, na virutubisho vyake ni shilingi laki mbili na elfu themanini. Shangazi anasema ni mambo ya ukoo, maana bibi naye alikuwa hivi. Je, ubongo wangu umeharibika? Nijichange nipige picha ya ubongo ya MRI? Na kama serotonini ni uongo, nameza nini? Kuna wakati nawaza wanangu wangekaa vizuri zaidi kwa bibi yao wa upande wa baba."

Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa msiba wa mama.

Umeweka alama ya kuuliza mara tatu, ila mimi naanza na sentensi yako ya mwisho, ile isiyo na alama. Wazo kwamba wanao wangekaa vizuri zaidi bila wewe huja kwa sauti yako mwenyewe, ndiyo maana linaaminika. Nimelisikia kliniki kwa mama ntilie na kwa meneja wa benki, karibu kwa maneno yaleyale, na walipopona walishangaa kwamba waliwahi kuliamini. Ni dalili ya ugonjwa, sawa na kushtuka saa 9 usiku. Leo hii chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, mwambie wazo hilo kama ulivyoniandikia, na umkabidhi dawa zote zilizomo nyumbani awe anakupa kidonge chako kila asubuhi. Siku wazo hilo likianza kugeuka mpango, au ukijikuta unaaga watu moyoni, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura usiku huohuo, Temeke au Muhimbili, na usiende peke yako.

Sasa ile mashine. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachosoma kemikali za ubongo, popote duniani. Hata kipimo halali cha damu kisingekusaidia. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwenye utumbo, na ile iliyomo kwenye damu haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Pesa yako ibaki kwako. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtu mwenye sonona ndiye asiye na nguvu ya kubisha anapoonyeshwa karatasi yenye namba.

Kaka yako hajakudanganya. Amesoma nusu ya habari ambayo ni ya kweli, na nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View huko New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamelala hoi wakaanza kuchangamka, kula na kutaniana wodini. Miaka michache baadaye, Uswisi, daktari Roland Kuhn aliona dawa nyingine, imipramini, ikiwainua wagonjwa wa sonona. Maabara zilipochunguza, zikakuta dawa hizi zinaongeza kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe, zikiwemo noradrenalini na serotonini. Basi watu wakapiga hesabu ya kurudi nyuma: kama kuziongeza kunaleta nafuu, ugonjwa wenyewe lazima uwe upungufu wake. Fluoksetini ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987, hesabu ile ilishakuwa rahisi kuuza, na sisi madaktari tuliisema vyumbani mwetu kwa sababu ilikuwa fupi na ilimwondolea mgonjwa aibu. Nami niliisema, miaka mingi.

Hesabu ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Mtu aliyevunjika mguu akipewa mkongojo akatembea, hatusemi mguu ulivunjika kwa upungufu wa mikongojo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walikusanya tafiti za miongo kadhaa, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa watu wenye sonona wana serotonini pungufu. Hiyo ndiyo habari aliyoisoma kaka. Watafiti wengine walibishana nao katika baadhi ya hoja, lakini kuhusu upungufu mtupu wa kemikali moja, wengi wetu tulishaachana na wazo hilo zamani.

Swali la kama dawa inasaidia ni jingine, na lina vipimo vyake. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, waliopewa dawa halisi au kidonge kisicho na dawa bila kujua wamepata kipi. Dawa zote 21 walizozichunguza, fluoksetini ikiwemo, zilikishinda kidonge kitupu. Sitakuficha kwamba kwa wastani hazikukishinda kwa mbali. Wastani huo umebeba watu ambao dawa iliwarudishia maisha pamoja na wengine ambao haikuwafanyia lolote. Kwa dawa ya kwanza, karibu mtu 1 kati ya 3 hupona kabisa, wengine hupata nafuu ya nusu njia, na waliobaki huhitaji kubadilishiwa au kuongezewa tiba nyingine.

Kama si upungufu, basi ni nini? Hapa ndipo utafiti wa ubongo wa miaka 30 iliyopita ulipofungua macho yetu, na mlango wa kuingilia unaujua wewe mwenyewe. Kumbuka siku uliyougua malaria kali. Hukutaka kula, hukutaka mazungumzo, mwanga ulikuudhi, ulitaka kujikunyata upande wa ukutani ulale. Mdudu hakuwa amekugusa utashi. Ni kinga yako ya mwili iliyokuwa imewaka, ikatuma kemikali ziitwazo saitokini, na ubongo ulipozipata ukazima hamu zote ili mwili upate kupigana. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa interferoni, ambayo ni saitokini yenyewe, walituonyesha jambo hili waziwazi: karibu mmoja kati ya wanne aliingia kwenye sonona kamili ndani ya wiki au miezi, watu waliokuwa wazima wa akili siku ya kuanza sindano. Sonona si malaria, na si kila mgonjwa ana kinga iliyowaka, ila takriban robo yao damu huonyesha hivyo. Kwa hiyo ukiona mwili mzito, ladha imepotea na watu wanachosha, unaona kazi ya ubongo. Uvivu haumo hapo, wala upungufu wa imani.

Njia ya pili ni ya mshtuko na hofu. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi. Ukipatwa na jambo zito, inaamrisha tezi iliyo chini ya ubongo, nayo inaamrisha tezi zilizo juu ya figo, zinamwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli inakuamsha na kukupa nguvu ya kukabili. Kisha hufanya jambo la busara: inarudi ubongoni na kusema "inatosha", na anayeipokea taarifa hiyo kwa sehemu kubwa ni hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ambayo pia hutunza kumbukumbu. Mzigo ukikaa miezi, kwa baadhi ya watu breki hii inalegea. Kotisoli inabaki juu wakati ingepaswa kushuka. Kwa kawaida huanza kupanda katika saa za mwisho za usiku na kufika kilele mara tu baada ya kuamka. Kushtuka saa 9 usiku na asubuhi kuwa mbaya kuliko jioni ni alama ya zamani ya sonona, na mvurugiko wa saa hii ya mwili ni sehemu ya maelezo yake. Nilipokusoma hapo sikuwa na shaka kwamba aliyekuhudumia alikusikiliza vizuri.

Na msiba? Umeandika kana kwamba unajilaumu: ulilia, ukamaliza arobaini, sasa hiki ni nini tena. Mwaka 1999 Helen Mayberg na wenzake walichapisha jambo ambalo mimi huwasimulia wafiwa. Waliwaomba watu wazima wa afya wakumbuke jambo la huzuni la maisha yao huku ubongo ukipigwa picha. Sehemu moja ndogo katikati ya ubongo wa mbele, iitwayo eneo la 25, iliongeza kazi, na wakati huohuo sehemu za juu za mbele, zile za kupanga na kuelekeza mawazo, zikapunguza. Kwa wagonjwa wa sonona walioponeshwa, mwendo ulikuwa wa kinyume: eneo la 25 likatulia, zile za mbele zikaamka. Kwa maneno mengine, huzuni ya msiba na sonona zinapita barabara moja. Kwa mfiwa maji hujaa Jangwani, magari ya Magomeni yanazunguka siku kadhaa, kisha maji yanashuka na njia inafunguka. Kwa mwenye sonona maji hayashuki. Mwaka 2005, Toronto, Mayberg na daktari wa upasuaji Andres Lozano walipandikiza waya mwembamba wa umeme kwenye eneo hilo kwa wagonjwa 6 ambao hakuna tiba iliyowasaidia, na 4 wakapata nafuu iliyodumu miezi. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakutoa ushindi uliotarajiwa, na tiba hiyo haikuhusu wewe hata kidogo. Nimeitaja kwa sababu ilitufundisha kuuona ugonjwa huu kama hitilafu ya mawasiliano kati ya sehemu na sehemu.

Sasa naweza kukujibu kuhusu siku ya 12. Fluoksetini huongeza serotonini kati ya seli ndani ya saa chache. Kama ugonjwa ungekuwa upungufu tu, ungeamka mzima siku ya pili. Nafuu inachukua wiki 2 hadi 6 kwa sababu serotonini ile ni kama maji kwenye tuta, na kinachosubiriwa ni mche. Mwanzoni seli zenyewe hujibana, zinapunguza utoaji, na inachukua wiki vipokezi vyake vilegee. Polepole protini za ukuaji huongezeka, ikiwemo moja iitwayo BDNF, na seli za neva hutoa matawi mapya na viunganishi vipya. Mwaka 2003 watafiti walizuia seli mpya zisizaliwe kwenye hipokampasi ya panya, na fluoksetini ikashindwa kubadili tabia zao. Panya si mwalimu wa Mbagala, na kwa binadamu mjadala wa seli mpya bado ni mkali. Ila picha ya jumla imesimama: dawa inaufanya ubongo uweze kujifunza upya, na kujifunza hakufanyiki kwa siku 12. Wewe unajua zaidi yangu inachukua muda gani mtoto wa darasa la kwanza kushika kusoma.

Basi ubongo wako haujaharibika. Najua hofu hii inatoka wapi. Mwaka 1996 Yvette Sheline na wenzake walikuta hipokampasi za wanawake waliowahi kuugua sonona ni ndogo kuliko za wenzao, na habari ikaenea kwamba sonona inakausha ubongo. Baadaye, mwaka 2016, picha za maelfu ya watu kutoka nchi mbalimbali zilipowekwa pamoja, tofauti ya wastani ilikuwa takriban asilimia 1.2, na ilionekana kwa waliougua mara nyingi au walioanza wakiwa wadogo. Kwa waliougua mara ya kwanza, kama wewe, haikuonekana. Tofauti ndogo namna hiyo haiwezi kusomwa kwenye picha ya mtu mmoja. Ndiyo maana MRI haitumiki popote kuthibitisha sonona, na ndiyo maana sikushauri ujichange. Ningekushauri tofauti kama ungekuwa na maumivu mapya makali ya kichwa yenye kutapika, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, au ulipata ajali ya kichwa, mathalani ya bodaboda, kabla ya haya kuanza.

Vipimo unavyohitaji ni vya bei ndogo. Omba wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo na hali ya VVU kama hujapima karibuni, kwa sababu damu pungufu na tezi iliyolala huweza kuvaa sura hii hii ya uchovu na huzuni. Kama kuna uwezekano wa mimba, sema.

Shangazi ana hoja moja: ukoo unahusika. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba urithi hubeba takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona, na uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulikuta sehemu 102 za vinasaba zinazohusika, kila moja kwa kiasi kidogo mno. Bibi aliweza kukurithisha wepesi wa kulemewa, kama wengine wanavyorithi presha, na mtu wa ukoo wa presha hupimwa na kutibiwa. Usali, na shangazi akuombee. Sitaki mgombane naye, maana utamhitaji. Ninachoomba ni usinywe dawa za mitishamba usizojua zina nini pamoja na fluoksetini, na dukani usiuziwe tramadoli kwa maumivu bila kusema unachotumia, kwa sababu zikikutana zinaweza kupandisha serotonini hadi kiwango cha hatari.

Kuhusu cha kufanya, mimi ningeendelea na kidonge. Kimeze baada ya chai na kitu tumboni. Kichefuchefu kwa wengi hupungua baada ya wiki ya kwanza au mbili. Ikifika wiki ya 6 pasipo mabadiliko yoyote, daktari wako ana nafasi ya kuongeza dozi au kubadili dawa. Ukipona, usiache mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaka miezi 9 hadi 12 ya kutokuwa na dalili kabla ya kufikiria kuacha, na kuacha kwenyewe kuwe kwa kushuka polepole. Kuna jambo moja la kurudi nalo hospitali haraka: ukianza kulala saa mbili tatu tu huku una nguvu za ajabu, unaongea bila kituo na pesa zinakutoka, au ukiingiwa na wahaka usiokuruhusu kukaa. Inawezekana dawa hii haikufai.

Kidonge peke yake sikipendi, hata hivyo. Mazungumzo ya tiba nayo hubadilisha ubongo, na ushahidi mzuri kabisa umetoka kwa jirani zetu. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa 2003 ulikusanya watu wenye sonona katika vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliofundishwa kwa wiki mbili. Mwisho wake, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwa wasiokuwa na vikundi asilimia 54.7. Mada kuu mojawapo ilikuwa msiba. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Amana na Mwananyamala zina huduma hiyo. Uliza anayetoa ushauri nasaha, na useme mapema kwamba umefiwa na mama. Wapo wanaoogopa kwamba ukionekana kliniki ya akili mwisho wake ni kulazwa hospitali ya akili ya Mirembe. Watu wengi kabisa ninaowatibu hawajalazwa hata usiku mmoja.

Nyumbani nakuomba jambo dogo. Jioni, jua likipoa, tembea dakika 20 na mwanao mmoja, hata kama hujisikii kabisa. Hamu haitatangulia. Kwa ubongo uliolala kama huu, mguu hutangulia na hamu hufuata nyuma, wakati mwingine baada ya wiki mbili tatu.

Tarehe yako ya kurudi kliniki ikifika, nenda na yule uliyemkabidhi dawa. Mweleze daktari saa unazoamka, kichefuchefu, na habari ya bibi yako. Ila kabla ya hayo yote, mkishakaa tu, mwambie ile sentensi kuhusu wanao.